Kipimajoto Changu na Maji ya Njombe

Mwezi wa Juni hapa Njombe hakuna anayehitaji kipimajoto ili ajue kuwa kuna baridi. Ukungu hutelemka tangu jioni, chai hupoa ukiwa bado unatafuta kiti, na wazee wa rika langu hupatikana jikoni karibu na moto, mahali ambapo ujanani tulijifanya si petu. Ilikuwa katika Juni ya namna hiyo, mwaka 2023, mjukuu wangu alipokuja likizo baada ya kumaliza kidato cha tano. Alikuja na begi la nguo chafu, madaftari mawili ya fizikia, na kifurushi cha plastiki kisichozidi kiganja cha mtoto.

"Shikamoo babu. Nimekuletea kipimajoto."

Nilikipokea kile kifurushi, nikakigeuza huku na huku. Ndani yake mlikuwa na kitu cheusi, kidogo kama punje ya mtama, chenye nyaya mbili nyembamba kama miguu ya mbu. Hapakuwa na kioo, wala zebaki, wala mstari hata mmoja wa kusoma. Nikamwambia kwamba kama anatafuta kipimajoto, kipo cha bibi yake kabatini, nacho kina umri mkubwa kuliko baba yake.

Basi akaanza kunifundisha. Msomaji atanisamehe nikisema kwamba haikuwa rahisi. Mtu aliyesimama mbele ya ubao zaidi ya miaka 30 hupata shida kukaa kwenye kigoda na kuambiwa "sikiliza kwanza, babu". Hata hivyo nilisikiliza, kwa sababu alichokuwa akikisema kilipingana na nilichowafundisha watu. Mimi nilifundisha kwamba waya ukipata joto, ukinzani wake kwa umeme huongezeka. Ni kweli kwa shaba na kwa chuma. Lakini punje ile, ambayo mafundi huiita thamista, hufanya kinyume: ikipata joto, ukinzani wake hupungua, tena hupungua sana. Hutengenezwa kwa oksidi za metali kama manganizi na nikeli, zikafinyangwa na kuchomwa kama chungu. Mwingereza Michael Faraday aliiona tabia hii mwaka 1833 katika kampaundi ya fedha na salfa, akaiandika. Ilipita karibu miaka 100 kabla watu hawajapata njia ya kuitengenezea kitu cha kuuzwa dukani. Leo ziko katika friji, katika injini za magari, katika vile vipimajoto vya kidijiti vya hospitali, hata katika betri ya simu yangu. Kumbe nilikuwa nikitembea na kipimajoto mfukoni.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kwa fundi redio wa pale njia panda, tukaazima mita yake ya kupimia umeme. Tukaziunganisha nyaya mbili za mita na miguu miwili ya ile punje, mezani, jikoni. Mita ikaandika omu 14,400. Mjukuu wangu akaishika punje kwa vidole viwili. Namba zikaanza kuteremka kama mtu anayeshuka ngazi kwa haraka: 12,000, 10,000, 8,000, hata zikatulia karibu na 7,000. Alipoiachia zikaanza kupanda tena polepole. Niliomba nijaribu na mimi. Kwangu zilishuka polepole zaidi, maana vidole vya mzee ni vya baridi. Sitaficha kwamba tulirudia mchezo huo mpaka bibi akauliza kama tutakunywa uji au hatunywi.

Namba ya omu si joto, lakini. Ni lazima umwambie mtu kwamba omu hizi ni nyuzi ngapi, la sivyo una kitu kinachoshtuka tu bila kusema. Kwa hiyo tuliamua kukipa kipimo chetu alama mbili za kuanzia, zile zile ambazo kila mtoto wa shule huzikariri: barafu inayoyeyuka, nyuzi 0; na maji yanayochemka, nyuzi 100. Baina ya alama hizo mbili, mjukuu wangu alisema, tungejaza kwa hesabu ya logarithi, kwa sababu ukichora logarithi ya ukinzani kwa namna inayotakiwa unapata mstari ulionyooka karibu kabisa. Nilishangaa kusikia logarithi zina kazi. Mimi nilizisoma chuoni kwa kitabu cha majedwali, nikafaulu, nikazisahau kabla jua halijatua.

Barafu ilitupa shida ndogo. Tulinunua mifuko miwili kwa muuza soda, na kwa haraka yetu tukaichomeka punje katikati ya donge zima lililotoka kwenye friji. Bila shaka donge kama hilo lina baridi kupita sifuri. Ikabidi tulipondeponde kwa mchi, tulichanganye na maji, tusubiri, tukoroge. Shida kubwa zaidi ilikuwa maji yenyewe. Miguu ya ile punje ilikuwa uchi, na maji ya bomba hupitisha umeme kidogo, kwa hiyo mita ilikuwa ikisoma ukinzani wa punje na wa maji kwa pamoja, na kusema mambo yasiyoeleweka. Tukaivika miguu ile maganda ya waya wa umeme, tukapaka punje gundi ile inayouzwa mirija miwili na kuchanganywa. Maelezo yalisema gundi hukauka kwa saa chache. Hapa Njombe, mwezi wa Juni, ilichukua usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata.

Siku ya tatu tukapata namba ya barafu: omu 33,600. Mjukuu wangu akafurahi, akanionyesha kikaratasi alichopewa na muuzaji wa Kariakoo. Kilikuwa na namba mbili tu. Moja ilisema punje ina omu 10,000 katika nyuzi 25. Nyingine, 3950, ilieleza kasi ya kushuka kwake. Kwa namba hizo mbili alikuwa amekwisha kukokotoa kwamba katika barafu tungepata omu 33,600 na katika maji ya moto tungepata karibu 700. Ya kwanza ilikuwa imetimia.

Tukateleka sufuria kwenye jiko la mkaa. Maji yakaanza kuimba, kisha yakatokota kwa mapovu makubwa. Tukaining'iniza punje katikati, isiguse chini wala pembeni. Mita ikashuka, ikashuka, ikasimama. Omu 846.

Tukasubiri. Tukapuliza mkaa. Maji yakazidi kuruka hadi yakazima makaa mawili, lakini namba haikusogea. Tukatoa, tukafuta, tukarudia. 850. Tukarudia tena. 846.

"Feki," akasema mjukuu wangu. "Wameniuzia feki."

Nami, kwa sauti ile ambayo nadhani hainiachi hata kaburini, nikamwambia: "Sikiliza, mjukuu wangu. Karatasi ya muuza duka ni maneno ya biashara. Sisi tuko mbele ya maji yanayochemka. Mtu wa sayansi huamini anachokipima, haamini karatasi. Andika: omu 846 ni nyuzi 100."

Akaandika. Naikumbuka sentensi yangu vizuri kwa sababu niliipenda. Nilikwenda nayo mpaka uani, nikairudia peke yangu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya furaha tupu. Hatukutaka kila mara kukokotoa, basi tukatengeneza sakiti ndogo. Tulikata waya wa chaja ya zamani ya simu, inayotoa volti 5, tukaipanga thamista mfululizo na kinzani moja ya kawaida ya omu 10,000, na mita tukaiweka kwenye kinzani hiyo kusoma volti. Hivyo volti 5 hugawanywa baina ya wawili hao kama ndugu wanaogawana shamba: thamista ikipata joto hudai kidogo, na mwenzake hupata zaidi. Wakilingana, kila mmoja ana volti 2.5. Fundi redio alitulehemea viungio na hakutaka malipo, akasema apewe tu nafasi ya kuona mwisho wake. Mjukuu wangu akaandika jedwali kwenye kadibodi, upande mmoja volti, upande wa pili nyuzi, kwa mwandiko mzuri kuliko wa baba yake. Tukakitundika ukutani.

Mtu wa kwanza kupimwa alikuwa mtengenezaji mwenyewe. Akaweka punje kwapani, akatulia dakika tatu. Volti 3.10. Tukafuata kidole kwenye kadibodi: nyuzi 38.7.

"Una homa," nikamwambia.

"Sina."

Nikajipima mimi. 38.6. Tukamwita bibi, ambaye alikubali kwa masharti kwamba hatasimama muda mrefu kwa kuwa ana maharage motoni. 38.8. Nyumba nzima ilikuwa mgonjwa. Jirani yetu alikuwa amepita kuazima ungo, mtoto mgongoni. Alipoona watu wanapimwa akaomba wamwangalie na mwanawe, aliyekuwa na mafua. 39 kasoro kidogo. Yule mama akashtuka. Akaanza kujifunga khanga upya aende duka la dawa kununua dawa ya malaria kabla halijafungwa. Ningemwacha aende. Naliandika hili kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi kuliko yote: ningemwacha aende, kwa kuwa kipimo kilikuwa kimesema.

Mke wangu alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu. Hakusema neno. Aliingia chumbani, akatoka na kipimajoto chake cha zebaki katika kibweta cha bati, akakikung'uta mara tatu, akamweka mtoto kwapani. 36.9. Akaja kwa mjukuu wetu. 36.5. Akanitazama mimi, akaona haina haja.

"Mwalimu," akasema, maana ndivyo anavyoniita miaka yote, "hiki chenu mlikipima na nini?"

"Na barafu na maji ya kuchemka."

"Maji ya huku?"

"Ya wapi tena?"

"Maji ya huku hayana moto. Nilikwambia tangu mwaka ule nilipokuja." Akarudi kwa maharage yake.

Ni kweli aliniambia. Yeye ni mtu wa Kyela, karibu na ziwa Nyasa. Nilimwoa mwaka 1978, na mwezi wa kwanza alilalamika kwamba maharage ya Njombe hayaivi. Nililaumu kuni, kwamba ni mbichi. Kisha nililaumu maharage, kwamba ni ya mwaka jana. Naungama kwamba siku moja nililaumu mpishi. Yeye alishikilia kuwa maji ya huku yanatokota bila kuwa na moto wa kutosha, nami nikamcheka, nikamweleza kama ninavyomweleza mtoto wa darasa la nne kwamba mchemko ni mchemko, uwe Kyela au Ulaya.

Usiku ule nililala macho wazi. Si kwamba sikujua. Laiti ningekuwa sijui! Nilijua vizuri kabisa. Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na uzito wa hewa unaoyakandamiza kutoka juu. Ukipanda mlima, hewa iliyobaki juu yako ni kidogo, basi maji hupata nafasi ya kuchemka mapema, kabla hayajafika nyuzi 100. Hushuka karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300 za kupanda. Nilifundisha somo hilo kila mwaka, na mfano wangu ulikuwa mmoja tu: Kilimanjaro. Nilichora mlima ubaoni, nikaandika mita 5,895, nikawaambia watoto kwamba mtu akipika chai pale kileleni, maji yake yatachemka karibu na nyuzi 80. Watoto walicheka kwa mshangao. Kisha nikafuta ubao, nikatoka nje ya darasa lililojengwa mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo karibu sehemu moja kwa tano ya hewa ya pwani imekwisha kubaki chini, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza maji yetu sisi yanachemka wapi.

Nilimwamsha mjukuu wangu saa kumi na moja alfajiri, jambo ambalo halikumfurahisha. Nikamwambia achukue kile kikaratasi cha Kariakoo, asahau ile 100 yangu, akokotoe omu 846 ni nyuzi ngapi kwa namba za muuzaji. Akabonyeza simu yake akiwa bado ndani ya blanketi.

"93.3," akasema.

Nikamwuliza simu hiyo haiwezi kusema tuko mita ngapi juu ya bahari. Ikasema 2,000 na ushee kidogo. Tulinyamaza wote wawili. Kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na kutoka chumba cha pili bibi akauliza kuna nini, hatukumjibu upesi. Yule muuzaji wa Kariakoo alikuwa mwaminifu kwa kila omu. Kitu cha bandia katika jiko lile kilikuwa ile 100, ambayo mimi sikuipima. Niliitoa kitabuni nikaitumbukiza katika sufuria kwa mkono wangu mwenyewe, halafu nikasema maji ndiyo yaliyosema.

Baadaye nilipata kusoma habari za Anders Celsius, yule Mswidi tunayeliweka jina lake kwenye nyuzi zetu. Mwaka 1742 aliandika juu ya alama hizo mbili. Alichunguza akaona kuwa barafu huyeyuka katika joto lile lile popote, lakini mchemko wa maji hubadilika kwa kadiri hewa inavyokandamiza, na akaeleza ni lazima mtu atazame kwanza kipimahewa ndipo aweke alama ya mchemko. Jambo moja la kuchekesha: yeye aliandika 0 kwa mchemko na 100 kwa barafu, watu waliligeuza baada ya kifo chake mwaka 1744. Basi mtu aliyetupa kipimo alitupa na onyo lake papo hapo, na onyo lilipotea njiani, namba ikafika peke yake mpaka Njombe.

Jedwali jipya liliandikwa siku hiyo hiyo. Mjukuu wangu akapimwa, 36.5, bibi naye 36.6. Fundi redio alikuja kuona mwisho kama tulivyokubaliana, akasema alijua tangu mwanzo kwamba tutafaulu. Tangu hapo kipimo kile kimehamia kwenye sanduku la vifaranga vya mke wangu. Wiki ya kwanza hutaka nyuzi 32 hadi 35, na kwa baridi hii jiko likizimika usiku wanalaliana wanakufa. Miezi mitatu ya kwanza hakufa hata mmoja kwa baridi. Waliokufa walichukuliwa na mwewe, na kwa hilo thamista haina dawa.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini maji yale yalikuwa yamenirudisha mahali ambapo sikupenda kurudi.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huku huku, wakati huo Njombe ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Iringa. Nilikuwa na umri wa miaka 33, kijana kwa cheo kile, na nilikuwa na hamu kubwa ya kuonekana ninakiweza. Katika sanduku letu la vifaa vya sayansi tulikuwa na kipimajoto kimoja, ambacho nilikifunga ofisini kama sanduku la sadaka. Siku moja alikuja mkaguzi. Akasema angependa kuona somo la sayansi darasa la sita, nami nikaamua kulifundisha mwenyewe: mchemko wa maji.

Nilikuwa nimeandaa kila kitu. Jiko, sufuria, kipimajoto kikining'inia kwa uzi kutoka kwenye kijiti. Ubaoni nilikuwa nimekwisha kuandika: "Maji huchemka katika nyuzi", kisha nafasi tupu ya kujaza. Mkaguzi alikaa nyuma na daftari lake. Maji yalipotokota nikamwita msichana mmoja, mdogo wa umbo, sweta lake limetoboka kiwikoni. Nilimchagua kwa sababu alikuwa hodari wa kusoma namba.

Akainama. "Tisini na tatu, Mwalimu."

"Soma tena. Weka jicho sawasawa na zebaki."

Akapiga magoti kwenye sakafu, akasogeza uso mpaka mvuke ukampiga. Akakaa pale muda. "Tisini na tatu na kidogo, Mwalimu."

Nilisikia kiti cha mkaguzi kikilia. Darasa lote lilikuwa kimya. Sikuinama kusoma. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko mengine: kipimajoto kilikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na sikuinama. Nikasema, kwa upole, maana sikuwa mwalimu wa kufoka mbele ya wageni: "Angalia vizuri. Usiwe na haraka."

Mara ya tatu hakukiangalia kipimajoto. Aliniangalia mimi.

"Mia moja, Mwalimu."

"Safi sana! Mpigieni makofi."

Wakampigia. Nikaijaza ile nafasi ubaoni. Watoto zaidi ya 40 wakaandika 100 katika madaftari yao. Mkaguzi akaandika kwamba somo lilikuwa zuri na lenye vitendo. Karatasi yake niliitunza miaka mingi.

Baada ya mambo ya thamista nilitaka kumpata yule msichana. Haikuwa vigumu, kaka yake tunasali pamoja. Nikaambiwa ana mgahawa karibu na stendi ya Makambako, ana wajukuu wawili, hajambo. Nikapewa namba ya simu. Nilikaa nayo wiki tatu mfukoni. Mke wangu aliuliza mara moja kama nimepiga, hakuuliza tena.

Nilipopiga, nyuma yake nilisikia sahani na honi za mabasi. Nikajitambulisha.

"Ee! Shikamoo Mwalimu! Shikamoo sana!"

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

Tulisalimiana kwa kirefu kama inavyotakiwa. Alidhani nimefiwa, au ninataka mchango wa harusi. Nikamwuliza kama anakumbuka siku aliyokuja mkaguzi, darasa la sita, maji ya kuchemka.

"Nakumbuka sana, Mwalimu. Siku ile mlinipigia makofi. Nilikwenda nyumbani nikamweleza mama kwamba Mwalimu Mkuu amesema safi sana. Mpaka leo huwa nawasimulia wanangu."

Sikutegemea jibu hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kinyongo, hata kwa kusahau. Nikakaa kimya, akadhani mtandao umekatika, akaita "Haloo? Haloo, Mwalimu?" Nikamwambia nipo. Nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, kwa ufupi: mjukuu, punje, barafu, omu 846, urefu wa Njombe kutoka baharini. Alikuwa akisema "ehe", "ehe", na katikati akamwambia mtu kwamba chapati ni mbili, si tatu.

Nilipomaliza akauliza: "Kwa hiyo pale shuleni kwetu yalikuwa yanachemka kwenye ngapi?"

"Tisini na tatu. Na kidogo."

Alinyamaza. Honi ikapiga, ikapita.

"Basi mara ya kwanza nilikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa."

"Na ya pili."

"Na ya pili pia, mwanangu."

"Mimi nilifikiri ni macho yangu," akasema. "Nilimwambia mama macho yangu hayaoni vizuri. Nilihama nikakaa dawati la mbele mpaka nilipomaliza darasa la saba." Kisha akacheka kidogo, akaniuliza kama Mama hajambo, na kama bado anapika maharage yale ya nazi ya kwao.